Mwacheni Sungura Aondoke

Jumapili iliyopita mjomba alitukuta sebuleni, kwetu Manyatta hapa Kisumu, mimi na wanangu wawili tumekodolea macho filamu ya mwaka 1966, How to Steal a Million. Akasimama mlangoni kidogo, akatikisa kichwa. "Kwani unafundisha watoto wizi?" Sikumjibu. Ni mjomba. Lakini swali lake limenikaa moyoni wiki nzima.

Tulichokuwa tukitazama ni hiki. Audrey Hepburn na Peter O'Toole wamejibanza ndani ya kistoo cha mafagio, chini ya ngazi, katika jumba la makumbusho mjini Paris. Sanamu wanayoitaka imezungukwa na miale. Ukiikata tu, king'ora kinalia. Bunduki hawana. O'Toole anatoa bumerangi, kile kijiti kinachomrudia aliyekirusha, anakirusha. King'ora kinalia, walinzi wanakimbia huku na huko, hawaoni mtu. Kimya kinarudi. Anarusha tena. Mwishowe walinzi, wamechoshwa na kelele, wanakizima wenyewe. Binti yangu aliruka kitini: "Baba, wamezima wenyewe!"

Hapo ndipo utamu wote ulipo. Mlango mzito haukuvunjwa, mtu hakuguswa. Waliosomwa ni walinzi: uvivu wao, hofu yao kwa wakubwa, usingizi wao. Na sanamu yenyewe ni bandia, iliyochongwa na babu wa huyo binti anayeiiba; anaiondoa wataalamu wasije wakaikagua na baba yake akaaibika.

Wizi wa kweli naujua. Nilinyang'anywa simu stendi ya mabasi, ikaondoka na picha za marehemu mama ambazo sitazipata popote. Siku hiyo hakuna aliyecheka, wala mimi sitaki kuona jambo kama hilo likifanywa burudani. Ndiyo maana nina msimamo mkali: hadithi ya namna hii ikimwaga damu, au ikimwibia mama mboga, imekwisha kwangu, nazima.

Mjomba mwenyewe alilelewa na hadithi hizi hizi. Dani, nyanya yetu, alitusimulia Apuoyo, yaani Sungura, na kisima. Kiangazi kimekaza, wanyama wote wanachimba, Sungura anakataa kushika jembe, basi ananyimwa maji. Usiku anakuja na kibuyu cha asali. Anamlambisha Fisi, mlinzi, tone moja, kisha anamwambia kwamba asali hii hailiwi ila na aliyefungwa kamba. Fisi mwenyewe ananyoosha mikono afungwe! Dani alikuwa akinyoosha yake pia, viganja pamoja, na sisi tulijua Sungura ameshakunywa.

Ndiyo, Kobe alimnasa baadaye kwa ulimbo mgongoni. Lakini Dani hakumwacha pale. Sungura aliwaomba wamshike mkia wamzungushe kabla ya kumuua, mkia ukakatika, akatoroka. Kwa nini mkia wake ni mfupi? Ndiyo hivyo.

Hollywood, watengenezaji filamu wa Marekani, iliwahi kumkatalia mjanja kama Sungura mlango huo wa kutorokea. Ilikuwa na kanuni zake, zilizodumu hadi 1968, kwamba mhalifu asifaidi. Katika Ocean's 11 ya mwaka 1960, ya Frank Sinatra na wenzake, pesa za kasino za Las Vegas zinafichwa ndani ya jeneza, halafu jeneza linachomwa moto pamoja na maiti. Mimi naona ni mahubiri yaliyobandikwa mwishoni. Toleo la 2001 liliwaachia pesa, na mwishoni wanasimama kimya mbele ya chemchemi wakitazama maji yakiruka, kisha wanaondoka mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, ameimaliza, anaenda. Niliipenda zaidi. Ile ya 1966 nayo iliundwa chini ya kanuni hizo za zamani, ikapenya kwa ujanja wake: ukiiba sanamu bandia ya babu yako mwenyewe, nani atakuhukumu?

Usiku ule binti yangu aliomba nimsimulie tena ile ya kisima. Nilipofika kwa Kobe akanikatiza. "Baba, Sungura angerusha jiwe kwanza. Upande wa pili, mara nyingi nyingi, mpaka Kobe achoke kwenda kuangalia."