Kiuno cha Zimamoto

Kuna kidude nakibeba mgongoni kila nikienda kazini, na kazi yake ni moja tu: kuwaambia wenzangu kwamba nimekufa.

Kimeshikizwa kwenye mkanda wa mtungi wa hewa. Ukifungua valvu ya mtungi, nacho kinaamka. Kuanzia hapo ukitulia bila kutikisika kinaanza kukuuliza kwa mlio mdogo, tii-tii-tii, upo? Ukizidi kutulia mpaka sekunde 30, kinakukatia tamaa. Kinapiga kelele ya desibeli 95, kelele ya kumtoa mtu kwenye usingizi wa dawa, ili wenzako wakufuate ndani ya moshi kwa sauti. Wenyewe wanakiita PASS. Mimi nakiita pasi, ingawa sijawahi kukiona kinanyoosha nguo ya mtu.

Ndiyo maana ukiwakuta askari zimamoto wa Marekani wamesimama mahali wanasubiri amri, utaona kila baada ya sekunde chache mmoja anatikisa nyonga. Si kwamba kuna muziki. Anakiambia kidude, tulia, mimi mzima. Hilo la nyonga liweke karibu, tutalihitaji.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Nafanya kazi katika kitongoji kimoja nje ya Columbus, Ohio, zimamoto na paramediki kwa pamoja: kazi mbili, zamu ya saa 24, mshahara mmoja. Baada ya kufundishwa kuzima moto nilirudi darasani zaidi ya saa 1,000 kujifunza mishipa, moyo, dawa na namna ya kumsikiliza mtu anayesema haumwi huku anageuka rangi. Mama yangu huwaambia watu mwanawe ni "daktari wa moto." Nimechoka kumsahihisha, na nikifikiri vizuri hajakosea sana, ila moto wenyewe tunauona kwa nadra. Simu nyingi ni za wazee walioanguka bafuni, presha, sukari, vifua. Moto ukitokea tunaukimbilia kama watoto wanaofukuzia gari la muziki.

Basi Jumamosi moja ya Januari, saa tisa mchana, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, ikaingia simu: kengele ya moshi, jengo la fleti, ghorofa ya tatu. Tuliposhuka kwenye gari wapangaji walikuwa nje wamejikunyata. Mmoja alikuwa na taulo na koti, mwingine kamkumbatia paka ambaye alionekana kukasirika kuliko wote. Kapteni akatuamuru mimi na mwenzangu tupande. Huyu mwenzangu ni jitu la futi sita na ushei, mpole kama ng'ombe wa maziwa, lakini ukimpa shoka anabadilika.

Kwa kiherehere changu nikafungua valvu ya mtungi pale pale chini barabarani, barakoa inaning'inia shingoni. Haikuwa lazima. Kosa hilo ni langu, limeandikwa na nimelitia sahihi.

Ghorofa ya pili pua yangu ikanipa taarifa kabla ya redio. Moshi una kabila zake. Wa plastiki unakwaruza koo, wa mafuta ya kukaangia unanata kwenye meno, wa godoro ukiunusa mara moja huusahau. Huu haukuwa kabila hata moja kati ya hizo. Huu ulinirudisha kwa bibi yangu siku ya Ijumaa, kanzu ya babu imetandazwa juu ya tenga, chetezo kiko chini yake.

"Unanusa nini?" mwenzangu akauliza.

"Harusi."

Akanitazama kama nimeshavuta gesi.

Mlangoni akainua shoka. Nikamzuia mkono, nikagonga, nikaita, "Hodi!"

Ndani kelele zote zikakatika. Halafu sauti ya mwanamke: "Nani?"

"Zimamoto!"

"Ngojeni! Watu hawajajistiri!"

Nimevaa karibu kilo 30 za nguo na chuma, kengele ya jengo inalia mpaka meno yanauma, nami nimesimama nje ya mlango nasubiri kukaribishwa. Ndani nasikia vishindo, mabuibui yanatafutwa, mtu anasema hilo langu, mwingine anasema lako liko wapi. Nikapiga hodi ya pili.

"Hilo neno lina maana gani?" mwenzangu akanong'ona.

"Maana yake tusiingie."

"Na kama kuna moto?"

"Kungekuwa na moto wangeshasema karibu."

Tukakaribishwa. Sebule ilikuwa nyeupe kwa moshi, na ndani ya ule weupe kulikuwa na wanawake kama ishirini, masinia, mabegi, na bibi harusi katikati kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu kama anayeporwa, hina mbichi mpaka kwenye viwiko, miguu juu ya mto. Walimwambia atoke nje kengele ilipoanza. Akasema hina iliyochorwa kwa saa nne nzima hawezi kwenda kuiharibu kwenye theluji, bora aungue nayo. Basi na wengine wakabaki, kwa sababu harusi haiwezi kutoka ikamwacha bibi harusi ndani.

Vyetezo nilivihesabu vinne. Kimoja kilikuwa juu ya kigoda, chini kabisa ya kengele ya moshi, utasema walikuwa wanaifukiza yenyewe. Na madirisha yote yamefungwa udi usipotee, maana udi ule ulikuwa wa bei. Mashine yangu ya kupimia hewa ilisoma kaboni monoksidi 22. Inalia yenyewe ikifika 35. Mkaa ni mkaa, hauna habari kwamba umewekewa udi wa bei. Nikafungua madirisha, baridi ikaingia, na zikaanza lawama za akina mama ambazo sitaziandika hapa.

Hapo akatokea mwenye shughuli. Mama wa makamo ya mama yangu, kanga mbili, miwani imefungwa kwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua viatu."

Nikatazama chini. Buti zangu zenye chuma puani zilikuwa katikati ya mkeka mpya wa ukindu, na theluji ilikuwa inayeyuka taratibu, imeshafika kwenye maua.

"Mama, samahani, kazi yetu hairuhusu..."

"Mkeka huu umetoka Pemba kwa ndege. Wewe wa wapi, baba?"

"Tanga."

"Tanga ipi?"

"Ngamiani. Barabara ya kumi na mbili."

Nilikosea hapo. Ukishataja barabara, wewe si zimamoto tena, wewe ni mtoto wa mtu. Mama akashika kiuno na kuanza: hivi mtoto wa Ngamiani kabisa, mwenye wazee wake, anaingia kwenye nyumba ya shughuli na viatu, tena na shoka?

Mliolelewa uswahilini mnajua kinachofuata. Mkubwa akikusema, unasimama. Mikono mbele, macho chini, kimya. Ukijikuna, dharau. Ukihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, dharau. Nimefundishwa kuzima moto nikiwa mtu mzima, lakini kusimama kwa adabu nimefundishwa kwa bakora, na mwili hukumbuka cha bakora kwanza. Nikasimama kama mlingoti.

Tii-tii-tii.

Pasi inauliza. Mkono wangu mmoja umeshika mashine, mwingine shoka. Nikafanya anachofanya kila askari: nikatikisa nyonga. Mara moja tu, kidogo.

Mama akanyamaza katikati ya neno.

"Weee! Nasema nawe, unanikatikia kiuno?"

"Hapana mama, si kiuno. Ni mtambo."

"Mtambo gani huo ulio kiunoni?"

Sebule ilianguka. Mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya sinia la maandazi. Kule nyuma mtu akapiga kigelegele, mwingine akageuza sufuria na kuanza kuigonga mdundo wa chakacha, na bibi harusi, mikono bado juu, akawa anapiga kelele, "Msinichekeshe, itachafuka!" Kwenye kona nikaona simu imeinuliwa, taa yake inawaka. Nikajua huo si mwisho wa jambo.

"Nyamazeni!" mama akafoka, wakanyamaza. Akarudi kwangu, safari hii taratibu, kwa sauti ile ya chini ambayo ni mbaya zaidi. Nami kwa kuogopa kukata kiuno cha pili, nikasimama. Sikupumua hata. Tii-tii-tii, nikasikia. Nikaacha. Adabu kwanza.

Zikatimia 30.

Sijui niieleze vipi kelele ile ndani ya sebule yenye zulia, mkeka na watu ishirini. Mama aliruka nyuma. Kikombe kilivunjika. Mwenzangu, aliyekuwa koridoni akijaribu kuituliza kengele ya jengo, alisikia tu kwamba mwenzake ameanguka. Akatangaza kwenye redio kuna askari hatikisiki, halafu akaingia kwa bega, bila hodi, shoka mbele. Mayowe yaliyopigwa yalinitia huruma, maana wengi walikuwa ndiyo kwanza wameyavua mabuibui baada ya kuniona mimi mtoto wa nyumbani.

Kumbuka, kidude kikishafika huko kutikisika hakusaidii tena. Unaweza kucheza chakacha mpaka kesho. Lazima ubonyeze kitufe mara 2, na nilikuwa na glovu nene kama mikate ya boflo. Kwenye redio kapteni ananiita, kwanza kwa cheo, halafu kwa jina la ukoo, halafu kwa jina langu la kwanza, na sauti yake inatetemeka. Hilo bado linanisumbua. Nilipokizima na kumjibu kwamba niko salama, akauliza nilikuwa nimepatwa na nini. Nikamwambia nilikuwa nasemwa.

Katika ule ukimya uliofuata ndipo mtoto mmoja akatoka chumba cha nyuma, miaka minane hivi. "Bibi, babu nimemwamsha kwa ajili ya kelele lakini ananiita Asha."

Huyo alikuwa mvulana.

Mzee alikuwa kitandani, shati limelowa jasho utadhani katoka baharini, macho wazi lakini hayatui mahali. Mama akasema ana sukari, alichoma sindano ya insulini mchana akisubiri biriani, na biriani ikachelewa kwa sababu mpishi alikosa zafarani. Nikavua glovu. Nikamtoboa kidole pembeni ya ncha, si katikati, katikati inauma zaidi. Tone likatoka dogo, jekundu iliyokolea, likaingia kwenye kijiti. Mashine ikasoma 47. Kwa vipimo vya kwetu Tanzania hiyo ni 2.6. Huko si mbali na kupoteza fahamu.

Alikuwa bado anaweza kumeza, kwa hiyo nikatoa bomba la glukosi, gramu 15, uji mzito mtamu. Mama akaliangalia.

"Gundi hiyo?"

"Sukari, mama."

"Sukari kuna halua humu ya Zanzibar, kilo tatu."

"Halua ina samli, inachelewesha. Hii inakwenda haraka."

Mzee akaonja ile glukosi na kuitemea kwenye koti langu, vizuri kabisa, kama mtu mwenye akili zake. Aliposikia neno halua akafungua mdomo. Tukapatana kwa glasi ya juisi ya maembe, mama ameshika glasi, mimi nimeshika kichwa, mwenzangu kashika tochi ambayo hakuna aliyemwomba. Kisha dakika 15 za kusubiri. Niliinua kichwa nikakuta nimepiga magoti na buti zangu juu ya busati la chumbani. Nikaanza kujirudisha nyuma.

"Kaa hapo hapo, mwanangu," mama akasema bila kuniangalia. "Viatu vitafutika."

Kipimo cha pili, 88. Mzee akapepesa macho, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, halafu akamtazama mwenzangu kutoka kofia mpaka shoka.

"Hawa ndio upande wa bwana harusi?"

"Hapana babu, zimamoto."

Akafikiri. "Mahari wamemaliza?"

Kwenda hospitali alikataa. Mimi nilishauri, mama akambembeleza, yeye akasema biriani ikifika ndiyo ambulensi yake. Akasaini fomu ya kukataa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Tulikaa mpaka sahani ikaletwa na nikamwona akila kwa macho yangu. Sisi tulikataa chakula kwa mujibu wa kanuni. Tulipofika kwenye gari kulikuwa na sufuria kwenye kiti cha dereva.

Kituoni kuna ripoti. Tukio lile lilikuwa na namba yake, 743, kengele ya moshi kulia bila moto, ila chini kulikuwa na nafasi ya maelezo na kapteni alitaka kuelewa.

"Walikuwa wanachoma nini?"

"Mti."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya nguo."

"Wanachoma nguo?"

"Hapana, nguo zinafukizwa. Mti unachomwa."

Akaweka kalamu chini. "Na wewe ulikufa saa ngapi?"

Saa kumi na moja jioni, nikiwa nafuta glukosi kwenye koti, simu ikatetemeka. Tanga ilikuwa saa saba ya usiku. Video ilikuwa imeshavuka bahari, imepita Mombasa kwa mtu, Muscat kwa mtu, ikashuka Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Chini yake mama yangu alikuwa ametuma sauti ya sekunde tisa. Nikatoka nje kwenye theluji nikaisikilize peke yangu.

"Nimeona. Koti limekukaa vizuri. Lakini kiuno kizito, baba, kizito mno, watu wataniuliza wewe nilikuzalia wapi."