Historia ya kilimo Pemba: kipi kitoke sasa, kipi kisubiri

Makabrasha ya serikali yanaijua karafuu kuliko muhogo. Sababu ni ushuru: zao lililoingiza fedha liliandikwa, chakula cha nyumbani kikabaki vinywani mwa wazee, hasa wanawake waliolima mpunga mabondeni. Kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, kina kumbukumbu. Mbegu ya mpunga iliyoachwa kupandwa aghalabu haina hata mstari mmoja. Kwa hiyo wanaotaka wazee warikodiwe na sauti ziwekwe mtandaoni upesi wana hoja nzito.

Wanaosita wanaiogopea ardhi, na hawakosei. Mzee akianza kulieleza shamba, punde atataja mpaka, mrithi, mikarafuu iliyowekwa rehani, na nani alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwetu mti unaweza kuwa wa huyu na ardhi ya mwengine. Sentensi moja ikisikika hadharani yatosha kuamsha kesi.

Hofu hiyo haitoshi kufungia kila kitu. Majina na mipaka visubiri. Shehia (eneo dogo la utawala), majira na udongo, kichanga au kinamo, vitoke, maana bila hivyo habari ya mbegu haimfai mkulima. Mzee asikilizishwe rikodi yake kwanza, aseme kipi kikatwe kwenye nakala ya kutolewa. Ile nzima isiguswe: ihifadhiwe nakala tatu, moja nje ya kisiwa, kwani unyevu na chumvi huua diski.

Linalotukera zaidi ni pupa ya kuandika hesabu za wazee bila kuuliza. Pishi ni vibaba vinne, kipimo cha ujazo, si cha uzito. Tena karafuu mbichi ikikauka jamvini hubaki kama theluthi ya uzito wake. "Pishi kumi kwa mti" bila kusema mbichi au kavu ni hesabu iliyokufa.

Tarehe ndizo hatari zaidi. Mwaka wa miongo, yaani wa makumi ya siku, unaohesabiwa tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, una siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo hurudi nyuma siku moja kila miaka 4 ukilinganishwa na kalenda ya ofisini. Bibi akisema mpunga ulipandwa mwongo wa mia mbili, aulizwe ni mwaka gani, na neno lake liandikwe kama lilivyo kabla ya kugeuzwa. Kwa kisa cha miaka 80 iliyopita, anayegeuza kwa kalenda ya leo anakosea siku 20, na siku 20 ndiyo tofauti ya mbegu iliyoiwahi masika na iliyokuta bonde limejaa maji.