Hodi nyuma ya pazia

Jumanne iliyopita nilijificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, chai ndiyo kwanza naimimina, mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Vijana wawili, mashati meupe, tai, vibao vyeusi kifuani, na mvua ya Preston, mji wa Lancashire huku Uingereza, inawanyeshea kama imetumwa. Wakagonga tena. Nami, mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye nyumba ambayo mlango wa uani haukufungwa mchana, nikabana pumzi kama mwizi nikingoja waondoke.

Halafu mmoja akasema, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kujibiwa: "Hodi hapa?"

Nani anasema hodi Lancashire? Miaka sita nipo hapa, neno hilo nalisikia kwenye simu tu. Kumbe pazia ndilo lililoniumbua. Ni kanga ya mke wangu, ameitundika maandishi yakitazama barabarani, na maandishi yenyewe ni "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kijana alikuwa ameyasoma, na mimi niko nyuma yake nimejibanza. Nikafungua.

Wamisionari. Mmoja katoka Utah, Marekani. Mwingine katoka Lubumbashi, Kongo, ambako nako Kiswahili kinasemwa. Kwenye kibao kila mmoja ana cheo ambacho Kiswahili cha kanisa lao hukitafsiri "Mzee". Huyu wa Utah ana miaka 19, ndevu bado hazijaamua zitokee wapi. Mimi usiku kucha nakesha na wazee wa kweli, nawageuza vitandani, nawavalisha soksi. Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee." Mwenzake akacheka mpaka akashika ukuta. Sisi tumezoea kuwaita Wamormoni. Wao, tangu rais wao wa wakati ule, Russell M. Nelson, alipolisisitiza jambo hilo mwaka 2018, wanataka jina kamili: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Jina refu, na mvua haikuwa na subira. Nikawaambia waingie.

Kabla hamjanirukia: sijabatizwa. Mimi ni Muislamu, nitazikwa Muislamu, na vijana wanajua. Ninaandika kuhusu mlango.

Mke wangu aliporudi akaweka chai mezani, ya maziwa, iliki imekolea. Wakaikataa. Kwa adabu zote, lakini wakaikataa. Chai na kahawa kwao ni mwiko, kama pombe na tumbaku. Ninyi mnajua maana ya mgeni kusukuma kikombe. Mama watoto akanitazama kana kwamba ni mimi niliyewafundisha. Akaenda jikoni akachemsha maziwa na tangawizi, akayatua mbele yao bila kuuliza. Hayo waliyanywa, tena kwa bidii. Alhamisi wakarudi, nikiwa kazini. Akawakaribisha ndani, wakagoma, wakasimama kizingitini wanalowa. Hawaruhusiwi kuingia nyumba ambayo mwanamke yuko peke yake. Hapo akawasamehe ile ya chai. Alinipigia simu kazini kunieleza kwamba hao watoto wamelelewa.

Ila wiki yao ndiyo iliyonimaliza. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi: mazoezi, maandiko, mipango, kisha barabarani mpaka saa tatu usiku. Saa nne na nusu taa imezimwa. Wawili hawaachani, kila mmoja awe mahali ambapo mwenzake anamwona na kumsikia, labda chooni tu ndiko kuna nafuu. Mwenzako hukumchagua. Hamkukulia nchi moja, mmoja anakoroma, mwingine anaimba nyimbo za kanisa akipiga mswaki. Na mkishazoeana, baada ya wiki sita inaweza kuja amri ya uhamisho mkaanza upya na mtu mwingine. Mvulana anaishi hivyo miaka miwili. Halipwi. Wale wa Marekani huchangia, wao na familia zao, kiwango kilichopanda mwaka 2020 kufika dola 500 kwa mwezi. Soma tena hapo. Mhubiri anatoa hela ili aje kukuhubiria. Kwetu mnajua bahasha inakoelekea.

Jumatatu ni siku ya kufua, kununua chakula na kupiga simu nyumbani. Mpaka mwanzoni mwa 2019 simu ilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama basi, sasa wanaruhusiwa kila wiki. Nilinyamaza waliponieleza hilo. Mimi nimewahi kumaliza miezi miwili bila kumpigia mama yangu, na hakuna kanisa lililonikataza. Jumapili wanakaa ibadani kwa muda wa saa mbili, na Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga milo miwili. Nikawaambia waje Ramadhani waone kufunga. Zilizobaki ni siku za milango.

Niliwauliza ni milango mingapi ilifunguka wiki ile, ukiondoa wangu. Wakatazamana. "Kuna bibi mmoja," akasema wa Utah. "Alidhani tumekuja kusoma mita ya gesi."

Hapa ndipo ninapochemka. Mtaa huu wangu una vibandiko kwenye milango: wauzaji na wahubiri wasigonge. Kuna kengele zenye kamera. Mtu yuko ofisini Manchester anakuambia uondoke mlangoni kwake, na wewe unaomba radhi kwa kitufe. Na ni mji huu huu! Wamisionari wa kwanza wa kanisa hili kuvuka bahari kutoka Amerika walikuja hapa Preston mwaka 1837. Julai ile walibatiza watu tisa kwenye mto Ribble, umati umejaa ukingoni, na waongofu wenyewe walishindana mbio kwenda majini. Aliyewapita wenzake, George D. Watt, ndiye akawa wa kwanza. Baadaye maelfu ya Waingereza walifunga mizigo wakaenda Utah. Huyu kijana wa Utah ana bibi wa zamani aliyetoka Lancashire. Yaani mjukuu karudi kwao, na kwao wanamwongelesha kwa kengele.

Nikaanza kujitapa. Nikawaambia kwetu haiwezekani, kwetu hata adui akipiga hodi anapewa kiti. Yule wa Lubumbashi akatikisa kichwa. Akasema kwao, alipokuwa akizunguka na wamisionari kabla hajaitwa mwenyewe, milango yote ilikuwa wazi. Walipewa kiti, walipewa maji, wakasikilizwa mpaka mwisho, na kila nyumba iliahidi kuja kanisani. Jumapili yeye alikaa mlangoni akiwangoja. "Hapa Preston, baba, mtu akikukatalia, unakwenda nyumba ya pili. Kule nilingoja watu nusu mwaka."

Nilitamani kubisha, nikakosa pa kuanzia. Kwa sababu mimi ndiye yule wa "inshallah, tutakuja". Ninyi pia. Fundi anasema kesho. Mjomba anasema nipo njiani, huku unasikia maji ya bafuni. Tumemgeuza Mungu kuwa mwenye kosa la ahadi zetu.

Na dini ilitufundisha yote mawili. Madrasa tuliambiwa: bisha hodi mara tatu, usipojibiwa ondoka, ukiambiwa rudi, rudi, wala usinune. Yaani mwenye nyumba ana haki ya kukataa, na mgeni hana haki ya kuchukia. Hilo la pili tumeliacha wapi? Mimi nikimwambia binamu yangu kwamba wiki hii siwezi kumpokea, ukoo mzima utajua kabla ya magharibi kuwa Uingereza imeniharibu.

Najua mtakachosema. "Miaka sita tu, anatufundisha ustaarabu." Hapana, bwana. Nimeanza kwa kuwaambia nilijificha nyuma ya kanga. Mwenye majivuno hajianiki hivyo. Mzungu anayekukataa kupitia kamera wala hajastaarabika kunizidi, ana kengele nzuri tu. Laiti angefungua, akakutazama usoni, akasema sitaki, ningemvulia kofia. Na wewe unayesema afadhali hao wanaogonga kuliko wa kwetu wenye vipaza sauti usiku wa manane, hapo tuko pamoja, sina la kuongeza.

Mwingine atasema: hao si ndio waliowanyima watu weusi ukuhani? Ndio. Mpaka Juni 1978. Niliwauliza hapo hapo mezani, sikuwaonea haya. Wa Utah akatazama viatu vyake. Wa Lubumbashi akasema alilijua hilo kabla ya kubatizwa, na bado linamuuma, na bado yupo. Sikumuuliza zaidi. Mtu mzima akikujibu hivyo unamwachia nafasi, hata kama umri wake ni 20.

Jumamosi wakaja tena. Walikuwa wametoka kumkatia bibi wa gesi ua wa miti wa bustani, bibi yule yule, na majani yamewaganda kwenye suruali. Mke wangu akachemsha maziwa. Wakazungumza yao, kisha wa Utah akaniuliza, kama alivyofundishwa kuuliza, kama nitakuja kwenye ibada yao kesho.

Inshallah ilishafika ulimini. Nikaimeza.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Sitakuja. Kesho wala Jumapili nyingine. Ila hapa mtakuwa mnakuja."

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Kijana wa Lubumbashi akashusha pumzi. "Aksanti, baba. Kwa kweli aksanti," akasema, akasogeza kikombe aongezewe maziwa.