Nilivyojichongea kwa Sisimizi

Jamani, kabla hamjaendelea kumwamini Side kwenye lile kundi la Wabongo wa Copenhagen, eti nililia mezani: sikulia. Macho yaliingia pilipili. Mengine yote aliyowaambia, basi tena, ni kweli.

Kazi yangu mnaijua. Nalisha sisimizi wa maabara, wale wakata-majani wa Panama: majani mabichi, mchele, vipande vya tufaha, kisha nawafagilia taka. (Na acheni kuniuliza kama wanakula majani. Hawali. Wanayatafuna waoteshee kuvu, halafu wanakula kuvu. Wakulima hao.)

Jumapili dada kaalika watu, pilau la kuku, meza imejaa. Shemeji akaniuliza, kwa upole kabisa, "Shem, hivi huko kazini mnachunguza nini hasa?"

Mimi nikiulizwa habari za sisimizi, breki zinakatika.

"Shem, kuna mmoja anaitwa Acromyrmex insinuator. Wataalamu walimtangaza 1998, wa Panama hukohuko. Anahamia kwenye nyumba za sisimizi wengine, na ni ndugu wa karibu wa wenye nyumba." Undugu nikaukazia, sijui kwa nini. "Malkia wake mdogo, harufu hafifu, walinzi wanamnusa hawamshtukii. Akibahatika kupita, hamuui malkia mwenyeji, hapana! Anakaa naye, anakula kuvu ya watu, anataga mayai, wanawe wanalelewa na vibarua wa mwenzake."

Meza kimya. Nikajua wamenogewa. Nikanyakua paja la pili (haya, la tatu, Side yuko sahihi) nikalishika juu kama kipaza sauti.

"Yeye vibarua hana?" shemeji akauliza.

"Anazaa wachache, vidogo vidogo. Nguvu zote anamalizia kwenye kuzaa malkia na madume, waende wakavamie nyumba nyingine. Yaani shem, jembe hagusi!"

Kijiko cha dada kikagusa sahani. Ting. Nikamwangalia: anautazama wali kama anauhesabu punje. Side kajiziba mdomo kwa leso, mabega yanacheza. Mchuzi ukaanza kuteremka, taratibu, kutoka kwenye paja hadi kiganjani, ukazunguka kifundo, ukaingia ndani ya sweta. Sweta la shemeji. Nililiazima Novemba. Sikuufuta, nilihisi nikijitikisa tu, walinzi watanishtukia.

Ndipo mpwa wangu wa miaka sita akainua kichwa.

"Mjomba, kwani huyo sisimizi naye alisema anakaa wiki mbili?"

Wiki mbili ndizo nilizoomba mimi. Ilikuwa Juni. Huu ni Februari.

Nilicheka peke yangu. Mnajua kile kicheko kinachoanza kwa sauti halafu kinatafuta mahali pa kujificha? Hicho. Nikakimbilia jikoni nikaosha vyombo vyote, hadi vilivyokuwa safi. Sijafika kwenye masufuria, Side ameshatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Usiku theluji ikaanguka. Asubuhi nafungua mlango wa chumba, nakuta koleo la theluji limeegemezwa ukutani. Shemeji yuko mezani anakunywa chai, hata hakugeuka.

"Mpaka getini, shem."