Ganteaume: mikimbio 112, kisha kimya

Don Bradman wa Australia alimaliza kriketi ya Testi, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa, akiwa na wastani wa mikimbio (pointi za mpigaji) 99.94 kwa kila alipotolewa, katika zamu 80 za kupiga. Juu yake, kihesabu tu, yupo Andy Ganteaume wa Trinidad mwenye 112. Zamu yake ilikuwa moja: Februari 1948, Port of Spain, dhidi ya Uingereza. Hakucheza Testi nyingine.

Huo wastani tuuache, zamu moja haipimi mtu. Kinachobishaniwa ni kama wateuzi wa West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, walimdhulumu kwa kumtema.

Wanaowatetea wana la kusema. Ganteaume aliitwa kwa kuwa Jeff Stollmeyer alikuwa majeruhi. Alipiga kwa zaidi ya saa nne, mpaka kapteni Gerry Gomez akatuma kikaratasi uwanjani kuwataka wapigaji waongeze kasi. Siku ya mwisho timu ilihitaji mikimbio 141 tu ishinde, muda ukawaishia, sare. Testi mbili zilizofuata, bila yeye, West Indies wakashinda zote. Ziara ya India ilipofika, Stollmeyer na Allan Rae, wakiwa jozi ya kwanza kupiga, wakafungua kwa mikimbio 239 kule Madras. Hapo nafasi yake ingetoka wapi?

Ila muda ule hakuula peke yake. Yeye na George Carew walifungua kwa 173, na mvua nayo ilichukua sehemu yake. Tena ukapteni wa West Indies zama hizo ulikuwa wa wazungu. George Headley, mtu mweusi, aliongoza Testi moja tu, Januari 1948; Frank Worrell, mweusi pia, alikuja kukabidhiwa timu 1960. Baada ya Port of Spain, John Goddard, mzungu wa Barbados, alikabidhiwa ukapteni, na Ganteaume, ambaye hakuwa mzungu, akatoka. Wateuzi wa namna hiyo siwezi kuwaamini kwamba walitazama mpira pekee.

Cha ajabu, mechi ileile Billy Griffith wa Uingereza, mlinda wiketi (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) aliyesukumwa kufungua kwa sababu wenzake walikuwa majeruhi, alipiga 140 katika Testi yake ya kwanza. Yeye alipewa nyingine mbili.

Kumweka Ganteaume nje mechi moja au mbili naelewa. Kinachonishinda ni 1957: walimchukua ziara ya Uingereza akiwa na miaka 36, wasimpe Testi hata moja. Kama alifaa kusafiri katika umri huo, akiwa na 27 alipungukiwa nini?