Mahema Kumi na Lori Moja

Ukisikia mtu anaomba kibali cha kuweka kambi ndogo ya mahema msituni, picha inayokujia ni turubai, moto wa kuni na nyota. Maombi ya namna hii huandikwa kwa lugha hiyo hiyo: mahema machache, hakuna nyumba ya mawe, hakuna mti utakaoangushwa. Mwaka 2025 mpango wa kambi ya kitalii katika Msitu wa Ngong Road ulizua mabishano makali hapa Nairobi. Sitauchambua mradi ule. Nachukua kambi ya mfano tu, mahema kumi yenye vitanda viwili viwili, niipime kwa hoja za kila upande, maana maombi kama hayo yataendelea kuja kadiri jiji linavyozidi kuibana misitu yake.

Tuanze na msitu wenyewe. Ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, ukiwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo zimebaki 1,200 na ushei. Haikutokea siku moja ambapo watu wa Nairobi waliamka wakakuta zaidi ya nusu haipo. Ulimegwa kidogo kidogo: hapa uwanja wa maonyesho ya kilimo, pale shule, kule uwanja wa mbio za farasi, kisha mitaa ya makazi, kisha barabara kuu ya Southern Bypass ikaukata katikati. Kila kipande kilikuwa na sababu yake, na nyingine zilikuwa sababu njema. Ndani ya kilichosalia kuna muhugu, mti unaokua polepole mno, mbao yake ngumu na yenye harufu nzuri, ambao wachongaji wa vinyago waliuandama hadi ukawa adimu sehemu nyingi. Ukiukata muhugu mzima leo, mjukuu wako hatauona mwingine wa kimo hicho mahali pale.

Sasa, wanaoitaka kambi wana hoja nzito. Msitu wa mjini usioingiwa na watu wema huingiwa na wengine. Wakazi wa zamani wanaikumbuka Karura, msitu mwingine wa Nairobi, ilivyoogopwa: wizi, uvamizi, maiti kutupwa vichakani. Kilichoigeuza si mabango ya kukataza watu. Mwaka 2009 wakazi waliunda chama cha Friends of Karura wakashirikiana na KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu, uzio wa umeme ukawekwa, walinzi wakaajiriwa, kiingilio kikaanza kutozwa, na hekta zile 1,041 zikawa mahali ambapo mama anaweza kutembea na watoto wake Jumapili bila kuangalia nyuma. Watu walipoingia na kulipa, msitu ulipona. Ngong Road bado haujafika hapo. Kambi yenye wageni na askari usiku kucha ina macho na masikio. Msumeno ukilia saa tisa za usiku, kuna mtu atakayeusikia. Ongeza kazi kwa vijana wa Kibra na Dagoretti wanaoishi jirani na msitu na hawaoni faida yake zaidi ya kuni. Mimi sina ujasiri wa kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba hifadhi ni kitu cha kutazamwa kwa mbali.

Husemwa pia kwamba mbuga ya Nairobi ina maeneo ya kupiga kambi na wanyama hawajahama. Ni kweli, ila mbuga ile ina kilomita za mraba 117, karibu mara kumi ya msitu huu. Ishirini wakilala kwenye nyika ya ukubwa huo hawaonekani. Ishirini wakilala kwenye kipande cha msitu kilichobanwa kati ya barabara kuu na mitaa, kila kiumbe kinajua wapo.

Hoja ya pesa nayo ina tundu. Agosti 2025 KFS iliagiza malipo yote ya Karura yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, badala ya utaratibu uliokuwa ukisimamiwa pamoja na Friends of Karura. Mzozo ulizuka papo hapo, na swali la watu lilikuwa moja: shilingi iliyolipwa getini itarudi kutengeneza uzio au itapotelea kwenye mfuko mkuu? Serikali ina haki ya kujua mapato ya ardhi ya umma, sibishani na hilo. Lakini anayesema kambi italipia ulinzi wa msitu anapaswa kuonyesha kwa maandishi njia ambayo pesa itapita. Bila hivyo, msitu unabeba mzigo na faida inaenda kwingine.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni choo.

Hema la kitalii la siku hizi si turubai la skauti. Limesimamishwa juu ya jukwaa la mbao, lina bafu la maji moto, choo cha kuvuta, na mashuka yanayobadilishwa kila mgeni anapoondoka. Wageni ishirini na wanaowahudumia watatumia maji asubuhi, mchana na jioni, na maji hayo yote yataingia kwenye tangi la chini ya ardhi. Tangi hujaa, na likijaa huitwa lori la kunyonya. Lori la lita 10,000 likiondoka hapo lina tani 10 za maji taka peke yake, kabla hujahesabu uzito wa chuma. Gari la hivyo halipiti kwenye njia ya miguu. Linataka murram iliyoshindiliwa, mtaro wa maji ya mvua pembeni, na mahali pa kugeuzia. Unaweza kusambaza mahema kumi kati ya miti bila kuukata hata mmoja, na ahadi ya mwekezaji ikawa ya kweli kabisa. Barabara ya lori huwezi kuijenga hivyo. Na barabara ikishakuwepo, hema la kumi na moja halina gharama tena, wala ukumbi mdogo wa harusi.

Tangi likivuja, maji yatateremka. Mto Motoine unapita msituni humo na kuelekea Bwawa la Nairobi, kando ya Kibra. Uchafu wa mgeni aliyelipia utulivu utaishia kwa watu ambao hawakuulizwa, na ambao tayari wamebebeshwa uchafu wa nusu jiji.

Upande wa wapinzani nao una kasoro. Mradi wowote ukitajwa, wengi hukimbilia jina la Wangari Maathai, mtetezi wa misitu, na siku ile ya tarehe 8 Januari 1999 alipopigwa akienda kupanda miti Karura. Namheshimu Profesa kuliko ninavyoweza kuandika hapa, lakini pale msitu ulikuwa umegawiwa watu binafsi wajenge. Mwombaji wa mahema kumi anayefuata sheria si mnyakuzi, na ukimwita mnyakuzi kabla ya kusoma karatasi zake unamrahisishia kazi: atajibu tusi, na swali la lori litabaki bila jibu.

Karatasi hizo ndizo zenye siri. Sheria ya misitu ya 2016 imefunga mlango mkubwa: mipaka ya msitu wa umma haibadilishwi bila ombi kupelekwa Bungeni. Lakini leseni ya kutumia msitu haigusi mpaka. Ramani inabaki ya kijani vilevile huku ndani kukiwa na jiko, jenereta na kituo cha walinzi. Kwa hiyo uzito wote unahamia kwenye leseni yenyewe na kwenye tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nako miradi imepangwa kwa madaraja ya hatari, na mradi ukionekana mdogo ripoti yake huwa nyepesi, na macho ya umma yanayoipitia huwa machache. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali iwashirikishe wananchi katika kulinda mazingira. Anayepinga leseni ana siku 60 za kukata rufaa kwenye mahakama maalumu ya mazingira, na jirani wa msitu mara nyingi hujua kuna leseni siku anapoona mbao zikishushwa getini.

Uingereza wana mivutano kama hii, ila kwao ni ya karavani, zile nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari dogo. Sheria yao ya 1960 inaviruhusu vyama vya wenye karavani vilivyotambuliwa kuidhinisha viwanja vidogo kwa ajili ya wanachama, bila mwenye shamba kupitia mlolongo wote wa vibali. Idadi imeandikwa: karavani zisizozidi 5. Hata huko watu wanagombana, hasa karavani zinapong'ang'ania mahali pamoja hadi zikawa nyumba. Lakini napenda kwamba udogo umewekewa namba, na kwamba kitu kilichoruhusiwa kina magurudumu. Siku ya kuondoka kinafungwa nyuma ya gari, panabaki nyasi zilizolala.

Kwa hiyo nasimama hapa. Penye muhugu na msitu wa asili, jibu liwe hapana, hata kwa mahema manne. Pembezoni, kwenye sehemu zilizopandwa mikaratusi na karibu na geti ambalo tayari lina barabara, ningekubali, kwa masharti yanayoumiza kidogo: vyoo vikavu, jiko na ufuaji vikae nje ya msitu, taa zizimwe mapema ili fisi apite njia yake, idadi ya mahema iandikwe kwenye leseni, na amana ya kurudisha ardhi ilipwe kabla ya hema la kwanza kusimama. Leseni iwe ya miaka miwili. Na anayetaka bafu la maji moto na mashuka meupe, mtaani Karen kuna viwanja binafsi ambako wasafiri wanaovuka Afrika kwa magari yao hupiga kambi, na lori la kunyonya hufika bila kumsumbua yeyote.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: hakuna benki itakayomkopesha mtu kwa leseni ya miaka miwili. Lakini turubai, vitanda na vyoo vikavu havihitaji mkopo wa miaka 15. Mwombaji anayeuhitaji ana jengo kichwani mwake ambalo halijachorwa kwenye ramani aliyotuletea. Mkutano wa wananchi ukiitishwa, ningempa nafasi ya kueleza yote aliyoyapanga, kisha ningemwomba achukue kalamu na kuichora kwenye ramani hiyo njia ya lori.