Siku 66 na mtihani wa Novemba

Kila Januari wahamasishaji hutuambia tabia mpya hujengeka kwa siku 21, na kila Februari wanaowakejeli hupata cha kuchekea. Kejeli zao zina msingi. Karani wa hesabu anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku hana haja ya kuhubiriwa nidhamu. Amepungukiwa muda, ada na mtu wa kumshika mkono, na kusoma kurasa tano kwa siku hakumpi cheo ambacho kilishagawiwa kabla ya tangazo kubandikwa. Mjini mipango.

Ila wanaocheka wanacheka matangazo, si tabia yenyewe. Ile 21 ilianzia kwa daktari mmoja Mmarekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau muda huo kuzoea sura mpya. Lile "angalau" likadondoka njiani.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London ndio waliopima. Waliwafuatilia watu 96 kwa siku 84, kila mmoja akirudia jambo dogo alilolichagua: tunda wakati wa chakula cha mchana, au mazoezi kabla ya chakula cha jioni. Kwa mtu wa katikati ilikadiriwa siku 66 hadi jambo lizoeleke, lakini wapo wa 18 na wapo wa 254. Hiyo 254 inazidi muda wa utafiti wenyewe. Ni makisio ya hesabu. Mazoezi yalichelewa kuzoeleka kuliko kula na kunywa. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Sasa irudishe kwa karani wetu. Mitihani ya uhasibu ya CPA, ya bodi ya wahasibu NBAA, hufanyika Mei na Novemba, yaani miezi sita hivi katikati. Siku 66 zinaingia humo na chenji inabaki, 254 haziingii. Kwa hiyo ukubwa wa jambo analojipangia ndio unaoamua. Akijiwekea sura nzima ya kodi kila usiku, Novemba itamkuta bado anajilazimisha. Swali moja la pasti pepa mara tu baada ya kula, kabla simu haijashikwa, lina nafasi. Akilala bila kulifanya kwa sababu ya foleni, hajarudi mwanzo. Huyu asiye na muda ndiye kitu kidogo kinamfaa kuliko yeyote. Mwenye likizo ya masomo anaweza kukesha.

Tabia humfikisha mtu kwenye daftari tu. Hesabu za makampuni tanzu hazieleweki kwa mazoea, na wiki za mwisho zitadai usiku mrefu hata hivyo. Tofauti ni kwamba mwenye swali lake moja la kila siku anaziingia akijua mada ipi inamshinda. Mwenzake ndio kwanza anatafuta desa.